Daftari la Bei na Subira ya Wastani

Katika maeneo ya kahawa ya Wilaya ya Mbozi, kama vile kata ya Ihanda iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kati ya Vwawa na Tunduma, bei haiwezi kuwa jambo la siku moja, kwa sababu mbuni huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa na baada ya hapo hudumu shambani kwa miongo kadhaa. Mkulima anayepanda kwa kuvutwa na bei ya msimu mmoja huja kuvuna katika msimu mwingine kabisa. Ndiyo maana ustadi wa kuipima bei ya leo kwa bei za miaka mingi iliyopita, ambao mijini huhesabiwa kuwa elimu ya watu wa soko la hisa, kwa asili yake unamfaa zaidi mtu wa shamba, na inasikitisha kwamba unapotea mahali pote pawili kwa wakati mmoja.

Ustadi huo huitwa wastani unaosogea, yaani wastani wa bei za kipindi cha urefu maalumu, ambao hukokotolewa upya kila bei mpya inapopatikana, kwa kuiondoa bei ya zamani kuliko zote na kuiingiza mpya mahali pake. Kwa hisa, ambayo ni sehemu ya umiliki wa kampuni inayouzwa na kununuliwa sokoni, kipindi kilichozoeleka ni siku 200 za biashara, sawa na wiki 40 hivi. Bei ikiwa juu ya wastani huo, hisa huhesabiwa kuwa inapanda. Ikiwa chini, inashuka. Na pengo kati ya viwili hivyo likipanuka kupita kiasi, mwenye busara huanza kuuliza maswali.

Uzuri wa kazi hii hauonekani mpaka ifanywe kwa mkono. Ichukuliwe, kwa mfano, hisa ambayo bei zake za kufunga kwa wiki tano ni shilingi 400, 410, 405, 420 na 440, ambapo jumla ni 2,075 na wastani ni 415. Wiki ya sita bei ikiwa 460, mwandishi wa daftari hahitaji kuanza upya: huikata 400 iliyo juu kabisa ya safu, huongeza 460 chini yake, jumla huwa 2,135 na wastani 427. Wiki ya saba bei ikianguka hadi 430, hukatwa 410, jumla huwa 2,155 na wastani hupanda kufikia 431. Hapo penye mstari huo mmoja pana somo zima: bei imeshuka kwa shilingi 30, lakini wastani umepanda kwa shilingi 4, na kwa mara ya kwanza bei imejikuta chini ya wastani wake, ijapokuwa kwa shilingi moja tu.

Anayefanya hesabu hiyo kwa kalamu hulazimika kuitazama kila bei mara mbili, siku inapoingia na siku inapotoka, na kati ya siku hizo mbili huwa ameijua. Hukumbuka kwamba 410 inayokatwa leo ilikuwa bei ya wiki ambayo gawio lilitangazwa, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, na hutambua kwamba wastani unaweza kupanda si kwa sababu ya jambo lolote jema lililotokea leo, bali kwa sababu tu bei mbaya ya zamani imetoka kwenye hesabu. Mstari unaochorwa na simu hauna kumbukumbu ya namna hiyo. Humpa mtazamaji jibu bila kumpitisha katika tarakimu zilizolizaa, naye huliamini kwa wepesi uleule aliolipata nao.

Historia ya kanuni hii ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Mwingereza R. H. Hooker alitumia wastani wa aina hiyo katika hesabu zake mwaka 1901, na mwanatakwimu mwenzake Udny Yule akaueleza kwa jina linalotumika hadi leo mwaka 1909. Wastani wa siku 200 ulikuja kuenezwa baadaye nchini Marekani, hasa na Joseph Granville. Lakini waliotaka kujua thamani, wala si mwelekeo tu, walifuata njia nyingine. Benjamin Graham na David Dodd, katika kitabu chao cha mwaka 1934, walishauri kwamba bei ya hisa ilinganishwe na wastani wa faida ya kampuni kwa miaka mingi, hata 10, ili mwaka mmoja wa neema au wa balaa usimpotoshe mnunuzi.

Tofauti ya njia hizo mbili ilidhihirika katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara mwezi Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Hisa za Benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 na kuorodheshwa mwaka 2009, na mwaka 2015 wanahisa waliuziwa nyongeza kwa shilingi 350. Kisha faida ya benki ikashuka mwaka 2016, ikashuka tena 2017, na kufikia mwaka 2019 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya ile bei ya kwanza ya 150. Wastani wa bei ulionya kwamba hisa inashuka, na haukukosea. Wastani wa faida, uliojumuisha miaka mizuri na mibaya pamoja, ulisema kwamba benki yenyewe haikuwa imepungua kwa kiasi kile, nao pia haukukosea, maana mwaka 2024 bei ilikuwa imevuka shilingi 600. Aliyejua kusoma wastani mmoja tu alikuwa na nusu ya habari.

Ikumbukwe pia kwamba katika soko changa, hisa isiyouzwa kwa wiki nyingi hubaki na bei ileile, na wastani wake hunyooka kama uzi, jambo ambalo mgeni hulidhani utulivu ilhali ni ukimya wa wanunuzi.

Watu wa Tunduma wana sababu yao wenyewe ya kuuheshimu uangalifu huu. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sufuri tatu kwenye kwacha yake, kwa hiyo kila daftari la mpakani lililokuwa na bei za kwacha lilipaswa kugawanywa kwa 1,000 kwa kurasa zote za nyuma kabla ya wastani wowote kuwa na maana. Hisa nazo hugawanywa vivyo hivyo, moja ikafanywa kuwa 10, na asiyerekebisha safu yake huona anguko ambalo halikutokea.

Kahawa ndiyo iliyofundisha somo hili kwa ukali zaidi. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazili mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya dunia, na mwaka 1977 bei ya arabika mjini New York ilivuka dola 3 kwa ratili. Mwezi Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ulivunjika, na mwaka 2001 ratili hiyohiyo ilishuka chini ya senti 50. Mwaka 2011 ilifika tena dola 3, mwaka 2019 ilikuwa chini ya dola 1, na mapema mwaka 2025 ikavuka 4. Aliyeng'oa mibuni mwaka 2001 akapanda mahindi aliikosa bei ya 2011, na aliyepanda mwaka 2025 kwa furaha ya dola 4 alipanda kwa ajili ya bei asiyoijua. Wastani wa miaka 10 usingemtabiria lolote kati ya hayo, kwani kwa maumbile yake huchelewa, lakini ungemwonyesha kila mara jinsi alivyokuwa mbali na kawaida, na hiyo ndiyo habari ambayo mwenye furaha na mwenye hofu huikosa kwa pamoja.

Siku hizi bei ya hisa na ya kahawa hufika Ihanda kwa simu ndani ya dakika moja, na kwa hilo hakuna wa kulaumiwa. Kinachostahili lawama ni dhana kwamba kuifahamu bei ni kuifahamu thamani, na kwamba karatasi za zamani ni uchafu. Vitabu vya mapokezi ya kahawa vya vyama vya msingi vya ushirika vina bei alizolipwa mkulima msimu baada ya msimu, bei ambazo hakuna mtambo wa New York uliozihifadhi, na vingi vimekwisha kuliwa na mchwa. Chama ambacho bado kinavyo kinaombwa kivinakili kabla ya kusafisha ghala.