Mti Mfupi Si Udanganyifu: Namna ya Kukagua Modi ya Picha

Katika Age of Empires II, mti mmoja una mbao 100, na nyuma yake hujificha mengi. Misitu ya mchezo huu imechorwa minene, matawi yakifunika ardhi iliyo nyuma. Mchezaji akijenga uzio wa magogo kutoka msitu hadi msitu kuzuia wapanda farasi wa adui, pengo la kigae kimoja, yaani mraba mmoja wa ramani, lililobaki nyuma ya matawi anaweza asilione mpaka adui apenye hapo na kuanza kuua wanakijiji wake. Ndiyo maana modi ya miti mifupi, yaani badiliko la mchezo linalotengenezwa na wachezaji, imependwa miaka mingi. Inaondoa picha ya mti mrefu, inaweka kichaka kifupi, na msitu mzima unabaki wazi machoni. Ndiyo maana pia watu hawaachi kuuliza: anayeitumia hamwonei mwenzake?

Wengi hulijibu swali hili kwa jaribio moja. Wanawasha kompyuta mbili, moja yenye modi na nyingine isiyo nayo, wanacheza, na mchezo usipokatika wanasema modi ni safi. Jaribio hilo lina maana, ila linajibu swali jingine kabisa.

Ili kuona ni swali gani, turudi mwanzo. Age of Empires ya kwanza ilitoka 1997, enzi ya modemu za simu. Mwaka 2001 Paul Bettner na Mark Terrano, waliofanya kazi ya mtandao wake, walieleza walivyopitisha vita ya watu wanane kwenye modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Hawakutuma mahali alipo kila askari, maana waya usingetosha. Kila kompyuta iliendesha vita nzima yenyewe, na kilichosafiri ni amri tu: hawa waende kule, hiki kijengwe hapa. Amri ilipangiwa kutekelezwa zamu mbili mbele, zamu ikiwa kama milisekunde 200, ili mashine zote ziitekeleze kwa wakati mmoja. Age of Empires II ya 1999 ilirithi utaratibu huo, na toleo jipya la 2019 linaendelea nao.

Kwa hiyo, mtu akimwongezea mpiga mishale wake nguvu kidogo kwenye mashine yake peke yake, hesabu za mashine mbili zitaachana. Mwanzoni tofauti ni ndogo mno, kisha inakua, na mchezo unasimama kwa sababu mashine hazilingani tena. Udanganyifu wa namba hujifichua wenyewe. Hicho ndicho jaribio la kompyuta mbili linachokamata, na hakuna kingine.

Lakini utaratibu huohuo una upande mwingine, na hapo ndipo mkaguzi anatakiwa kukaa muda mrefu. Ikiwa kila mashine inaendesha vita nzima, basi kila mashine inajua kila kitu. Jeshi la mpinzani lililo gizani limo kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako tangu lilipoundwa. Ukungu unaofunika ramani si ukuta wa seva ya mbali. Ni uamuzi tu wa programu kutokuchora. Mtu anayechungulia ndani ya kumbukumbu hiyo habadilishi hesabu yoyote, kwa hiyo mchezo hautakatika hata dakika moja. Modi ya picha nayo inafanya kazi jirani kabisa na mahali siri inapotunzwa, yaani kwenye uchoraji, na kwa sababu hiyo inastahili kukaguliwa kwa makini zaidi ya inavyokaguliwa sasa.

Ukaguzi uanzie kwenye mafaili. Modi ya picha iwe na picha tu. Ukikuta ndani yake faili la takwimu za vikosi, au programu inayojiendesha, ukaguzi umeishia hapo. Zikiwa ni picha tupu, kuna jambo la kutia moyo: mchezo kwanza huuliza kama kigae kinaonekana kwa mchezaji, ndipo huenda kuchukua picha. Picha iliyobadilishwa inafika baada ya swali kujibiwa, hivyo haiwezi kumwita askari aliyefichwa na ukungu.

Hata hivyo picha tupu nayo inaweza kuonea, na hili huwapita wengi. Katika toleo la 1999 picha zimo kwenye mafaili ya aina ya SLP. Kila moja huanza na kichwa cha baiti 32 kinachotaja, pamoja na mengine, idadi ya fremu. Kisha kila fremu ina baiti zake 32, na humo mna upana, urefu na nukta ya kushikia, yaani pikseli ya picha inayowekwa juu ya mahali kitu kilipo kwenye ramani. Sasa chukua picha ya mpanda farasi, uirefushe kwenda juu iwe mnara mwembamba, nukta ya kushikia ukiiacha miguuni. Hujagusa namba yoyote ya vita. Lakini mpanda farasi wa adui akisimama nyuma ya ngome, ncha ya mnara wake inatokeza juu ya paa. Akija kutoka chini ya ukingo wa skrini, ncha inaweza kuingia machoni pako kabla yake. Umepata mlinzi ambaye mwenzako hana. Kwa hiyo vipimo vya kila fremu vilinganishwe na vya asili, na picha yoyote ya kikosi iliyozidi urefu kwa kiasi cha kushangaza ielezwe sababu yake.

Baada ya mafaili, skrini. Hapa ule utaratibu wa kutuma amri unamsaidia mkaguzi, kwa kuwa rekodi ya mchezo nayo ni hali ya mwanzo na orodha ya amri tu, haina picha ndani. Mchezo uleule unaweza kuchezeshwa tena mara mbili, modi ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Chagua mtazamo wa mchezaji mmoja, ukungu ukiwepo. Simamisha kwenye sekunde ileile, kamera pale pale, piga picha mbili za skrini, kisha uzilinganishe pikseli kwa pikseli. Zinapotofautiana, uliza: kilichoongezeka hapa mchezaji asiye na modi angekijua kwa njia gani?

Mti mfupi unavuka swali hilo, kwa maoni yangu. Askari akipita nyuma ya jengo, mchezo wenyewe humchorea mstari wa rangi ili aonekane. Waliouunda walionyesha wazi kwamba mchoro haukukusudiwa kuwa maficho, na kwamba kuficha ni kazi ya ukungu. Mti mfupi unaendeleza nia hiyohiyo, na pengo la uzio linalofichuliwa ni la mwenye uzio mwenyewe.

Mistari ya vigae ardhini nayo naipitisha. Inarahisisha kuhesabu umbali, mathalani vigae 6 ambavyo mishale ya kituo cha mji hufika kabla ya kuboreshwa. Lakini ukishika jengo kabla ya kuliweka, umbo lake huhama kigae kwa kigae, kwa hiyo hesabu hiyo iko wazi kwa kila mmoja.

Nisichokubali ni modi inayokuza jiwe la mangoneli, mtambo wa kurushia mawe, likiwa hewani. Ni kweli kila mchezaji analiona jiwe hilo. Ila kuliwahi kwa jicho na kuwatawanya wapiga mishale kabla halijatua ndicho kipimo chenyewe cha ustadi, na mwenye jiwe kubwa amepewa jibu la mtihani. Najua wapo watakaosema kuliona pengo la uzio ni ustadi pia. Tofauti ni kwamba jiwe limerushwa na mpinzani na lina muda wake, ilhali pengo limefunikwa na mchoraji.

Kwa waandaaji wa mashindano limebaki jambo moja la lazima. Mwenye modi anaweza kupakia toleo jipya wakati wowote chini ya jina lilelile, na kibali kilichotolewa kwa jina kikaangukia mafaili ambayo hakuna aliyeyaangalia. Kibali kitolewe kwa alama ya kidijitali ya kila faili, kwa mfano SHA-256, ambayo hubadilika hata baiti moja ikiguswa. Alama zitangazwe pamoja na sheria, na kila mchezaji azilinganishe na za mashine yake kabla ya mechi.