Gramu 15

Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi ina uzito wa gramu 998. Yakipashwa hadi nyuzi 60, maji ya ujazo huo huo yana gramu 983. Tofauti ni gramu 15, na juu ya tofauti hiyo ndiko kunakosimama ufundi mzima wa kupasha maji ya kuoga kwa jua. Maji yaliyopata moto ndani ya paneli huwa mepesi, yakapanda kwenda tangini; ya baridi, kwa kuwa ni mazito, huteremka kupitia bomba la chini na kuingia kwenye paneli ili nayo yapate zamu yake. Mzunguko huo huenda polepole tangu jua likolee asubuhi hadi linapopoa alasiri, bila pampu wala umeme.

Nguvu ya gramu 15 ni ndogo mno. Kiputo cha hewa kilichokwama kwenye kona ya bomba kinatosha kuisimamisha. Ndiyo maana ninamheshimu sana fundi anayejua kufunga mitambo hii: karibu kazi yake yote ni kuondoa vizuizi katika njia ya kitu dhaifu, na akikosea hakuna mashine ya kumfidia.

Katika nyumba nyingi za Nairobi na viunga vyake, maji ya kuoga hupashwa na shawa ya umeme, ile yenye swichi yake kubwa nje ya mlango wa bafu. Ikiwashwa hula takriban kilowati 5, na huwashwa jioni, saa zile zile ambapo mji mzima unapika, unapiga pasi na kutazama habari. Jua nalo limeshinda juu ya mabati kutwa nzima. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji nishati ya kilowati-saa 9 na ushei, itoke popote itokako. Jua la Nairobi, kwa wastani wa mwaka, huteremsha takriban kilowati-saa 5 kwa siku juu ya kila mita ya mraba, na paneli nzuri hunasa karibu nusu yake. Piga hesabu: mita 4 za mraba zinaiweza kazi hiyo siku ya jua la kawaida. Familia inayotosheka na lita 100 inahitaji mita 2 tu, eneo dogo kuliko kitanda cha watu wawili.

Serikali ya Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge mitambo ya jua, na jua litoe angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka. Nia yake niliipenda. Ila sheria inaweza kupandisha kioo juu ya paa; haiwezi kulipa bomba mwinamo wake. Nimeona paneli za bei kubwa zimekaa juu ya ghorofa, zinapigwa na jua kutwa, na wapangaji chini wanaoga kwa shawa ya umeme, kwa sababu tu bomba moja lilishuka kidogo kabla ya kupanda.

Fundi niliyemtazama kwa makini zaidi anafanya kazi Ngong. Alifika kwa mteja na kijana wake mmoja, akauegesha mkokoteni wenye tangi na paneli chini ya mti, akaanza kuizunguka nyumba mikono mitupu. Mama mwenye nyumba akamuuliza, "Fundi, mbona hushushi vyombo?" Akamjibu, "Mama, kwanza nione paa linabeba nini." Akaomba ngazi na tochi, akaingia darini.

Lita 200 za maji ni kilo 200. Ongeza tangi la chuma, paneli na fremu yake, utakaribia kilo 300, na zote zitakaa juu ya mbao ambazo aliyejenga alizipiga misumari akiwaza mabati matupu. Fundi alipita kenchi moja moja, akigonga mbao kwa nyuma ya nyundo na kusikiliza, akitafuta zilizoliwa na mchwa. Alipopata mahali kenchi mbili zinapokalia ukuta wa katikati, alitoboa tundu dogo la msumari kwenye bati kutoka ndani, ili akiwa juu aone miguu ya fremu ikae wapi. Tundu hilo baadaye lilikuja kupitishwa boliti, na boliti ikavishwa raba. Hakutoboa bati mahali pengine popote bila sababu.

Kisha likaja suala la kuelekeza. Ngong iko digrii moja na ushei tu kusini ya ikweta, na mtu angedhani paneli ingelazwa chali, kwani jua hupita karibu na utosini mwaka mzima. Ikilazwa hivyo itapata mwanga wa kutosha, na maji yasiende popote. Maji mepesi yanahitaji mlima wa kupanda. Paneli isipoinama angalau digrii 10 hadi 15, mzunguko hulegea, viputo vya hewa havipati njia ya kutoka, na mvua haioshi vumbi kwenye kioo. Kwa hiyo fundi analipa bei ndogo ya jua ili maji yatembee. Swali linalobaki ni kuinamishia upande gani, na hapo ndipo nilipoona akili ya kazi hii. Desemba jua la adhuhuri liko kusini. Juni na Julai liko kaskazini. Desemba watu wa Ngong hawalilii maji moto. Julai, wingu likiwa limefunika vilima na watoto wakiamka na sweta, ndipo kila nyuzi moja ya joto ina thamani. Basi paneli hutazama kaskazini, kulingojea jua la miezi ya baridi. Kama paa lina miteremko ya mashariki na magharibi tu, yeye huchagua magharibi, maana katika majira hayo mawingu mara nyingi hukaa asubuhi na kufunguka mchana.

Fremu ilipokazwa, akatoa pimamaji. Nilidhani anaitafutia paneli usawa. Aliitafutia upogo. Kona ya juu ambapo maji moto hutokea aliinyanyua zaidi ya mwenzake, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita ya upana, ili hewa yoyote iliyojificha ndani isogee yenyewe kuelekea tundu la kutokea. Kutoka kona hiyo bomba la shaba linapanda hadi tangini, na kila hatua ni lazima lipande. Alilipima mahali patatu, akalilegeza, akaingiza kipande cha ubao chini ya kishikizo, akalipima tena. Kijana wake alisema limekaa sawa. Fundi akamwambia aweke jicho usawa wa bomba, aangalie kutoka chini, na kweli katikati palikuwa na bonde la unene wa kidole. Mtu aliye chini ya paa asingeliona kamwe. Hewa ingeliona siku ile ile.

Tangi aliliweka juu ya paneli, kitako chake kikiwa kama sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa kioo. Nafasi hiyo ni kwa ajili ya usiku. Jua likizama, paneli hupoa haraka kwa kutazamana na anga tupu, na tangi likiwa chini mno, maji moto huanza kurudi nyuma polepole, yakipoteza usiku joto yaliloshinda kulikusanya. Lakini tangi nalo lisizidi kimo cha tangi la maji baridi linalolilisha, na bomba la kupumulia lipande juu kuliko maji ya lile la baridi, la sivyo maji moto yatamwagika juu ya bati. Vimo vyote hivi vinategemeana, na fundi alivibeba kichwani.

Kuunganisha shaba ni sehemu ambayo ningeweza kuitazama bila kuchoka. Alisugua ncha ya bomba kwa msasa hadi ikang'aa, akasugua na ndani ya elbo kwa brashi ndogo ya waya, na baada ya hapo hakuigusa tena kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hukataza kiungo kushika. Risasi ya kawaida ya kulehemu, ile ya bati na risasi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Paneli iliyokauka maji juani inaweza kupita nyuzi 150, na zile bora hukaribia 200, kwa hiyo karibu na paneli yeye hatumii hiyo. Anatumia ujiti wa shaba yenye fosforasi, unaohitaji zaidi ya nyuzi 600. Aliupasha moto mwili wa elbo, akizungusha mwale wa gesi pole pole, wala hakuuelekeza kwenye ujiti. Shaba ikageuka rangi ya damu ya mzee iliyofifia. Ndipo akagusa ukingo mara moja kwa ujiti, na metali ikanyonywa ndani ya mwanya, ikazunguka bomba lote na kutokeza upande wa pili kama uzi mwembamba. Hapakuwa na tone lililoning'inia. Kijana wake alipojaribu kiungo kilichofuata, aliyeyusha ujiti kwa mwale wenyewe na metali ikalala juu juu kwa mabonge. Fundi akakikata, akampa elbo nyingine, bila neno kali.

Umbo hili la tangi juu na paneli chini si la jana. Mmarekani Clarence Kemp wa Baltimore alipata hataza mwaka 1891 ya matangi meusi ndani ya sanduku la kioo. Maji yalipata moto mchana na kupoa usiku. Mwaka 1909, huko California, William Bailey akatenganisha viwili hivyo: mabomba membamba juani, tangi lililofunikwa vizuri juu yake, maji yakitembea yenyewe kati yao. Alichokiona Bailey ndicho anachokifunga fundi wa Ngong. Israeli, tangu 1980, sheria inazitaka nyumba mpya ziwe nacho.

Kujaza maji kuna saa yake. Mchana kutwa alipokuwa akifanya kazi, kioo kilifunikwa blanketi kuukuu, na watu walidhani anakilinda kisikwaruzwe. Alikuwa anazuia jua lisiichome paneli kavu. Kwa mitambo ya mirija ya vioo vyenye ombwe hali ni kali zaidi: mrija uliokaa juani mtupu ukimiminiwa maji baridi hupasuka. Alijaza jua lilipokwisha kulegea, kupitia chini, taratibu, hewa ikisukumwa mbele na kutokea juu. Blanketi likaondolewa kesho yake asubuhi.

Kipimo chake cha mwisho ni viganja. Saa nne hivi, kioo kikiwa kimeshapata jua, aliweka mkono mmoja kwenye bomba la juu na mwingine kwenye la chini. La juu likiwa moto na la chini la baridi, maji yanatembea. La juu likiunguza huku tangi limebaki baridi, kuna hewa mahali. Alimwita kijana, akamtaka afanye vivyo hivyo, aseme anachosikia. Mama naye akapanda ngazi hadi nusu na kuomba aguse.

Kazi haikuishia paani. Mita moja ya bomba la shaba la milimita 22 inabeba karibu theluthi ya lita. Bafu likiwa umbali wa mita 15, kila anayefungua koki anamwaga karibu lita 5 za maji baridi kabla ya moto kufika, na Ngong maji hununuliwa. Fundi alichagua upande wa paa ulio juu ya bafu, akapunguza bomba la kuteremka hadi milimita 15, na upotevu ukashuka chini ya nusu. Kisha akalivisha bomba lote sponji, na juu ya sponji utepe wa alumini, kwa sababu sponji tupu huliwa na jua na kuwa unga. Wengi huruka hatua hii ya utepe, na mteja hajui hadi siku sponji linapoanguka uani.

Kabla ya kushuka alifungua boliti pembeni mwa tangi na kumwonyesha mama fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani, nene kama kidole gumba. Fimbo hiyo huliwa na maji ili chuma cha tangi kisiliwe. Ikiisha bila mtu kujua, tangi huanza kutoboka. Kwa maji ya kisima, yenye chumvi nyingi zinazoganda ndani ya mabomba, alitaka aitwe baada ya mwaka mmoja aiangalie, na awe amekuja na fimbo mpya. Akaandika tarehe kwa wino usiofutika chini ya tangi, kivulini, jua lisije likaifuta, na kumfundisha mama mahali pa kuisoma.