Kelele Si Uzito

Wasee wa metali hawatapenda hii, lakini wacha niseme mapema: albamu nyingi za miaka hii miwili mitatu zina kelele kubwa kuliko zilizotangulia, na uzito mdogo. Mtu yeyote aliyepanda nganya ya Rongai usiku anajua hivyo ni vitu viwili. Spika zinatikisa madirisha, kifua kinagonga, na bado mkifika Galleria nusu ya abiria wamelala. Sauti ikiwa juu mwanzo hadi mwisho, mwili unaizoea. Kinachomwamsha mtu ni kimya kidogo, halafu kishindo.

Nazungumzia hasa metalikoo, mtindo uliozaliwa pale gitaa za metali zilipokutana na hasira ya panki. Nauandika hivyo makusudi, maana ni metali inayotoka kooni. Mapishi yake yanajulikana. Ubeti wa kupayuka, kiitikio cha kuimba vizuri, halafu brekidauni: kasi inakatwa ghafla, na gitaa, besi na ngoma zinagonga pamoja kama keateka aliyekuja kuulizia kodi ya nyumba.

Shida iko kwenye kiitikio. Kimegeuka mlango wa dharura. Kila wimbo unapokaribia kitu kinachouma kweli, kiitikio kinafika kikiwa kimeoga, kinatushika mkono, tunatoka nje. Hakuna aliyeumia. Sasa tulikuja kufanya nini?

Chukua Architects, wa Brighton kule Uingereza. Mwaka 2016 mpiga gitaa wao, Tom Searle, alifariki kwa saratani akiwa na miaka 28. Mpiga ngoma, Dan, ni pacha wake. Mwaka 2018 bendi ikatoa Holy Hell, na hiyo ni albamu ya matanga bila mtu wa kukwambia pole. Hata viitikio vyake vinasikika kama mtu anayejaribu kuimba huku koo limeziba. Nikiisikiliza, siwezi kuosha vyombo. Lazima nikae chini.

Sasa weka kando yake The Sky, the Earth & All Between ya Februari 2025. Jordan Fish, aliyekuwa Bring Me the Horizon, alishiriki kuitayarisha, na mkono wake unasikika: kila kitu kiko mahali pake, kinang'aa, kinauma kama wembe mpya. Baada ya albamu mbili laini, wamerudi kupayuka. "Whiplash" itakuamsha, sibishi. Lakini sikiliza hasira yenyewe inaelekea wapi. "Seeing Red" inawajibu mashabiki waliolalamika kuwa bendi imekuwa laini. Yaani zile gitaa zote ni za kujibu komenti. Simaanishi bendi lazima izike mtu ndio iwe nzito. Namaanisha nikipiga kelele hivyo, mama akija mbio kuuliza kuna nini, niwe na jibu.

Spiritbox wa Kanada wana jibu, mara nyingi. Tsunami Sea ilitoka Machi 2025, na ndani yake kuna bahari, kisiwa, na mtu aliyezama katika huzuni isiyo na sababu ya kuelezea watu. Courtney LaPlante anapayuka na kuimba kwa koo lilelile, na hiyo inabadilisha hesabu. Kwa bendi nyingi sauti safi huja kumwokoa anayepayuka. Kwake hakuna wa kuokoa wala wa kuokolewa. Ni mtu mmoja, asubuhi na usiku. Sikiliza "Soft Spine" halafu "Perfect Soul" na uniambie ipi ina uchungu zaidi. Mimi nasema ya pili, ile isiyo na fujo. Lawama yangu moja: imesafishwa kupita kiasi. Sauti zote ziko urefu mmoja, kama nyua za estate mpya, na kuna saa nilitamani kitu kimoja kivunjike.

Wanaovunja ni Knocked Loose, wa Kentucky. You Won't Go Before You're Supposed To, ya Mei 2024, ina nyimbo kumi na haifiki nusu saa. Karibu hakuna kiitikio cha kukimbilia. "Suffocate", waliyoimba na Poppy, inaingia mwishoni kwenye mdundo ambao mtu yeyote aliyekua na dancehall na regeton ataujua kiunoni kabla ya kichwani, ila sasa umejaa vioo. Wimbo huo uliteuliwa kuwania Grammy, na Novemba 2024 wakaupiga kwenye kipindi cha Jimmy Kimmel, saa ambazo Wamarekani wanatafuta usingizi. Na wanajua kunyamaza, hiyo ndiyo siri yao. Kabla ya pigo kubwa kuna nafasi ndogo tupu, na ni ndani ya ile nafasi ndio moyo unaruka.

Lakini jina la albamu tunakosana. Mwimbaji wao, Bryan Garris, anaogopa ndege, na siku moja hewani mama aliyeketi karibu naye alimtuliza kwa maneno hayo: hutaenda kabla ya siku yako. Sisi hiyo tunaijua vizuri. Ni lugha ya matanga yetu. Siku yake ilikuwa imefika. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, shangazi zangu walikuwa na toleo lao: wakati wa Mungu ndio bora. Nawapenda, na sikuwajibu, lakini karo haikuwa imepangwa na mbingu. Kuna mtu aliipandisha.

Albamu ilitoka Mei. Juni 25 vijana wa rika langu walipigwa risasi katikati ya Nairobi kwa kupinga mswada wa fedha. Baada ya hapo kichwa hicho hakinipiti. Walienda kabla ya siku yao, na kusema vingine ni kumsafishia mikono aliyeshika bunduki. Kinachonifanya nirudi kwa albamu hii ni kwamba muziki wenyewe haukiamini kichwa chake. Garris halii kama mtu aliyetulizwa. "Sit & Mourn", ya mwisho na ndefu kuliko zote, haifungi chochote. Inakaa tu na maiti, vile mtu anakaa kabla ya jamaa kuanza kufika na maneno.

Ndio maana siwezi kumaliza bila ya nyumbani. Martin Kanja, Lord Spikeheart, ndiye alikuwa sauti ya Duma, ile bendi ya watu wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes. The Adept, ya 2024, ni yake mwenyewe. Si metalikoo. Mara nyingi mashine zinafanya kazi ya gitaa, na ngoma zinakimbia kuliko mkono wa binadamu. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, nyanya wa ukoo wake, mpiganaji wa Mau Mau aliyefika cheo cha fildi mashali na kufuga rasta zake tangu msituni hadi 2022. Alifariki Septemba 2023.

Ina kasoro. Wageni ni wengi, na katikati inapotea njia. Lakini Kanja anapofungua koo, swali la "kuna nini" halina nafasi. Huku kwetu tumezoea kuambiwa muziki huu ni wa shetani, wa Wazungu, wa watoto waliokosa kazi. Mazee, kama kuna nchi yenye sababu ya kupiga kelele ndefu bila kiitikio, si hii? Muthoni alikaa msituni miaka, na wengi wa wenzake walikufa bila shamba walilopigania. Hakuna sauti safi ya kuimba hiyo ikaisha vizuri.

Kwa hivyo kama data yako inatosha albamu moja tu, chukua Knocked Loose, ukatae kichwa chake. Ikibaki kidogo, ongeza The Adept, usikilize na sauti chini. Ndiyo, chini. Kitu kizito hakihitaji spika za nganya ili ukihisi.