Bampa, Njumu na Taa ya Jua: Uhakiki wa Istilahi za Gati

Maji ya Ziwa Viktoria hufika mjini Shinyanga kwa mabomba kutoka Ihelele, katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Maneno ya ziwa hayana bomba. Karani au mwalimu wa Kolandoto, kata ya Manispaa ya Shinyanga iliyo mbali na ziwa, aweza kukabidhiwa orodha ya vifaa vya gati binafsi aitafsiri, ilhali hajapata kuona mashua ikifungwa. Mtu huyo ndiye kipimo cha istilahi. Jina likimpotosha, kitanunuliwa kitu kisichofaa, na hasara itawaangukia wenye chombo.

Tuanze na mahali penyewe. Bandari ni eneo zima la kupokea vyombo, abiria na shehena. Mwalo, neno la Kanda ya Ziwa ambalo Waganda nao wanalo kama omwalo, ni mahali wavuvi wanapotia nanga na kuuza samaki. Gati ni jukwaa lililojengwa kuingia majini. Viwanda vya minofu na hoteli za ukingoni zinapojijengea jukwaa la namna hiyo, "gati binafsi" latosha. Kuliita bandari ni kulikuza bure.

Kifaa cha kwanza ni kinga iwekwayo baina ya mashua na gati. Dukani litaitwa bampa, kwa mfano wa gari. Pingamizi letu si ugeni wa neno, maana gati nalo ni la asili ya Kihindi na hakuna alikataaye. Kosa lipo katika picha linayoileta. Bampa la gari hungoja ajali. Kinga ya gati hubanwa na kuachiwa kwa kila wimbi, usiku kucha, nayo hutakiwa kunywea na kurudi ilivyokuwa. Mabaharia wa pwani wana neno dafrao, lililo jamaa ya kitenzi dafrau, yaani kugonga chombo. Ni neno la kufufuliwa, si la kubuniwa. Na kwa kuwa kinga moja huning'inizwa ubavuni mwa chombo na nyingine hukazwa gatini, tuseme dafrao la chombo na dafrao la gati. Tofauti hiyo yamhusu mnunuzi. Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini kimo chake hubadilika mwaka hata mwaka, na mwaka 2020 kilipanda mno. Dafrao la gati lisimamishwe wima. Likilazwa kwenye mstari mmoja, maji yakipanda mashua italipita kwa juu, na yakishuka itaingia chini yake.

Kifaa cha pili ni chuma chenye pembe mbili zilizolala, ambacho kamba huzungushwa kwacho kwa umbo la tarakimu 8. Hapa mtegemea kamusi peke yake yumo hatarini, kwani neno la Kiingereza la chuma hiki ndilo la meno ya viatu vya mpira, naye atatuandikia "njumu za gati". Mwingine ataandika kigingi. Lakini kigingi hukitwa ardhini, na mbuzi hufungwa hapo kwa fundo. Sifa ya chuma hiki ni kushika kamba bila fundo, ili ifunguliwe mara moja hata ikiwa imevutwa kwa nguvu, jambo ambalo wakati wa tufani laweza kuokoa chombo. Kifungio nalo ni pana mno. Hata kitasa ni kifungio. Twapendekeza kizongeo, kutokana na kuzonga kamba. Mtu wa Kolandoto, hata asiyeijua mashua, atatambua kazi yake. Maelezo yaongeze kwamba kizongeo hukazwa kwa bolti zipenyazo boriti, si kwa skrubu za ubao wa juu.

Kuhusu kifaa cha tatu, watu wamekwisha kuamua. "Taa ya jua" hutatiza, na umemejua hupendeza kwenye karatasi, lakini vijijini na machimboni Geita watu husema sola. Tuliache neno hilo. Upungufu wake ni mwingine: hutaja taa inapata wapi nguvu, halitaji kazi yake. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutandaza taa ziwani, na nahodha huona nuru nyingi mbele yake. Basi orodha ianze na kazi: taa ya ukingo, inayoonyesha mwisho wa gati, na taa ya kuongozea, inayoonyesha pa kuingilia. "Ya sola" ifuate baadaye.

Vijitabu vya Tafsiri Sanifu, vilivyoanza kutolewa katika miaka ya 1970, vilitufaa sana. Lakini orodha ya neno mkabala wa neno haimtoshi aliye mbali na kitu chenyewe. Kila istilahi iandamane na sentensi moja ya kueleza kazi yake. Tena, kabla kizongeo hakijapitishwa, kipelekwe kwa mabaharia wa Mwanza na kwenye mwalo wa Nkome. Wakiwa na jina lao, hilo lishike nafasi, na letu lijiuzulu bila kinyongo.