Usitoe Mji Mapema

Desturi ya vitendawili katika nchi zetu ina sharti moja ambalo watoto hulishika kabla hawajajua kusoma, nalo ni kwamba mtegaji hatoi jibu bure: aliyeshindwa kutegua hudaiwa mji, naye hutaja Lamu au Kilwa au Bagamoyo, na mtegaji husafiri kwa maneno mpaka mji huo, akala, akanywa, akastarehe, ndipo arudipo akafumbua. Nimelikumbuka sharti hili mara nyingi nikiwatazama vijana wanaocheza michezo ya safari na maajabu katika vifaa vya mkononi, kifaa mkono wa kuume na mwongozo wa majibu mkono wa kushoto, kila kizuizi kikiondolewa kabla hakijawagusa fahamu. Maana wamepata majibu yote na hawakutoa hata mji mmoja, wala hawakuujua utamu wa fumbo ambalo mtu hulala nalo usiku kucha likamfunukia alfajiri.

Nataka kusema namna ya kupima ubora wa michezo ya jinsi hii, na neno langu la kwanza ni kwamba kipimo chenyewe hakishikiki na mtu aliyefungua mwongozo. Mchezo wa mafumbo hupimwa kwa insafu ya fumbo lake: baada ya kuteseka na kupata, je, mchezaji atakiri kwamba alionyeshwa kila kitu akashindwa kuona, au atalalamika kwamba hapana mwanadamu ambaye angeweza kujua? Aliyepewa jibu kabla ya kuteseka hana la kukiri wala la kulalamika, na hukumu yake juu ya mchezo ni kama hukumu ya mtu juu ya pilau aliyosimuliwa.

Mfano wangu ni Link's Awakening, mchezo wa nasaba ya The Legend of Zelda, uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1993 kwa ajili ya Game Boy. Kifaa hicho, kilichotoka mwaka 1989, kilikuwa na kioo cha nukta 160 kwa 144, vivuli vinne tu kati ya weupe na weusi, betri nne ndogo na vitufe viwili vya kutenda. Ufukara huo ndio uliozaa ustadi, kwa kuwa msanii asiye na rangi za kutapanya hana budi kuipa kila nukta kazi. Jiwe likichorwa na ufa, ufa ule una maana, na mtu akisimamishwa kando ya njia, hakusimamishwa kuwa pambo. Mchezo wenyewe ulianza bila amri ya mkubwa yeyote: Kazuaki Morita alikuwa akijaribu zana za Game Boy baada ya saa za kazi, wenzake wakajiunga naye, na hatimaye ukawa mradi kamili chini ya uongozi wa Takashi Tezuka, ilhali Yoshiaki Koizumi alitunga sehemu kubwa ya kisa. Tezuka alitaka wakazi wa kisiwa cha mchezo huu wawe watu wa kutiliwa shaka kidogo, kwa mfano wa tamthilia ya Kimarekani ya Twin Peaks, na shaka hiyo ni rasilimali kubwa kwa mchezaji asiye na mwongozo, kwa sababu humfundisha kusikiliza kila mtu kana kwamba ameficha jambo.

Kisa, kwa muhtasari, ni cha kijana aliyevunjikiwa na chombo baharini akatupwa ufukweni mwa kisiwa cha Koholint, ambako juu ya mlima mrefu kumekaa yai kubwa mno. Ala nane za muziki, zilizotawanyika katika mapango manane, ndizo zitakazomwamsha aliyelala ndani yake. Kilichomo katika yai sitakisema. Ramani ya kisiwa ina miraba 16 kwa 16, yaani 256, nami nashauri kila mtu aichore katika daftari la shule kwa kalamu ya risasi, atie alama penye jiwe asiloweza kuliinua na penye shimo asiloweza kuliruka, kwa kuwa ubora wa mchezo huonekana katika alama hizo: mchezo mbaya utaziacha nyingi zikioza katika daftari, na mchezo mzuri utazifuta moja baada ya moja mpaka ukurasa ubaki mweupe.

Dalili ya kwanza ya fumbo la insafu ni kwamba limetangazwa kabla halijahitajika. Katika kijiji cha mwanzo yuko mzee wa watoto wengi ambaye, mkikutana mara ya kwanza, hukwambia bila kuulizwa kwamba baadaye atapotea milimani, nawe umtazamie. Neno hilo hupita sikioni kama porojo. Zikishapita saa nyingi, ukakutana naye huko juu hoi kwa njaa, utajua mara moja kwamba mtungaji alipanda mbegu siku ya kwanza akaiacha iote kwa wakati wake. Na katika maktaba ya kijiji hichohicho kimo kitabu ambacho maandishi yake ni madogo hata hayasomeki. Utakifungua, utakirudisha, na katika daftari utaandika maneno mawili tu, "kitabu, maktaba", usijue kwamba umeandika jambo kubwa kuliko yote ya safari.

Dalili ya pili ni adimu zaidi, nayo ni fumbo linalotegemea lililonyamaziwa. Katika pango la pili kuna sanamu ya bundi isiyo na mdomo, na mdomo wake wa jiwe huna budi kuutafuta sandukuni, ukishampachika, hunena. Katika maneno yake husema kwamba kwanza auawe yule mwenye masikio ya sungura aliyefungiwa, na mwisho auawe kiunzi cha mifupa. Basi. Chumba kinachohusika kina viumbe watatu, na wa tatu ni popo ambaye hakutajwa kabisa. Nilipokutana na chumba hicho niliwaua kwa kadiri walivyonikaribia, pasitokee kitu. Nikatoka, nikarudi, wakawa hai tena. Nikaamini kwamba shida yangu ni upanga dhaifu, nikazunguka kutafuta silaha kwa siku mbili. Siku ya tatu niliyasoma maneno ya bundi katika daftari langu, nikaona kwamba panapo wa kwanza na wa mwisho, na viumbe ni watatu, kati hapana nafasi ila ya popo. Sanduku likatokea. Furaha niliyoipata wakati ule haikuwa ya kushinda, ilikuwa ya kuheshimiwa, kwa maana mtungaji aliniachia sehemu ndogo ya kazi akiamini kwamba naweza kuitimiza, na mwongozo ulioandika "sungura, popo, mifupa" katika mstari mmoja humwondolea msomaji heshima hiyo bila yeye kujua kwamba aliwahi kuwa nayo.

Dalili ya tatu yataka masikio. Gonga ukuta kwa ncha ya upanga: ukuta mzima hulia namna moja, na ukuta wenye uwazi nyuma yake hulia namna nyingine, kama mnunuzi anavyogonga chungu sokoni kabla hajatoa fedha. Ndiyo sababu nawasihi wanaocheza katika basi wasizime sauti.

Mtu ataniuliza, kwa haki, kama msaada wote ni haramu. La hasha. Mchezo mzuri una mwongozo wake ndani ya tumbo lake, na kuutumia huo si kosa. Katika Koholint bundi, ambaye kwetu aghalabu ni ndege wa nuhusi, ndiye anayetua njiani kumwelekeza msafiri. Na viko vibanda vya simu ambavyo humuunganisha mchezaji na mzee Ulrira, mtu mwenye haya asiyeweza kuzungumza uso kwa uso lakini mchangamfu katika simu. Ulrira hukwambia upande wa kuelekea, hakuambii la kutenda ufikapo. Kiasi hicho ndicho kipimo cha msaada mwema, nami hutumia kipimo hicho kwa rafiki pia: nikikwama namwomba aniambie kama nimesimama mahali pa haki, nikishajua hilo namzuia asiseme zaidi.

Walakini mapenzi yasinifanye niufiche upungufu. Vitufe viwili humlazimu mchezaji kufungua mfuko wake kila mara, avue upanga avae koleo, na kila agusapo jiwe zito kabla ya kuwa na kikuku cha nguvu husomeshwa maneno yaleyale mpaka yachoshe. Aidha mlolongo wa kubadilishana vitu, unaoanza na mwanasesere na kupita kwa watu na wanyama wengi, una viungo ambavyo akili haivitambui. Humo mchezaji hatafuti, hubahatisha. Hata hivyo aibu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kaka yake mkubwa, The Legend of Zelda ya mwaka 1986, ambamo baadhi ya njia zilifichwa chini ya vichaka visivyo na alama yoyote, hata mtu akawa hana budi kuchoma kichaka kimoja baada ya kingine. Huo si utegaji wa kitendawili, ni kumficha mtu sindano mchangani. Na anayefungua mwongozo penye kichaka kama hicho simlaumu, lawama ni ya mtungaji.

Inasimuliwa na Shigeru Miyamoto mwenyewe, mwasisi wa nasaba hii, kwamba utotoni mwake huko Sonobe, karibu na Kyoto, alitembea milimani peke yake, akakuta pango, akalirudia akiwa na taa ili aingie. Subira ya kuliacha pango na kulirudia ndiyo nidhamu ninayoipendekeza. Ukikwama, usibaki chumbani ukirudia kosa lilelile kwa hasira. Toka, nenda upande mwingine wa kisiwa, futa alama nyingine katika daftari, au hifadhi safari yako, uzime kifaa, ukalale. Mimi hujiwekea muda wa siku saba kwa kila fumbo kabla ya kutoa mji, na katika mchezo huu nilitoa mmoja tu, kwa kiungo kimoja cha mlolongo ule wa kubadilishana, wala sikujuta.

Mwenye kutaka kuanza ana nakala tatu za kuchagua: ile ya 1993, ile ya rangi ya mwaka 1998 kwa Game Boy Color, na ile iliyochorwa upya mwaka 2019 kwa Switch. Hukumu yangu ni kwamba ile ya kwanza, pamoja na ukijivu wake, ndiyo inayomfundisha mtu kutazama, na ile ya mwisho ndiyo isiyomsumbua sana, maana vitufe vyake ni vingi. Katika zote tatu, katikati ya kijiji imesimama sanamu ya jogoo ambayo utaipita mara nyingi sana, sitasema zaidi. Na kile kitabu chenye maandishi madogo kingali katika maktaba. Ukishapata cha kukusaidia kukisoma, msomaji wangu, rudi ukakisome kwa macho yako mwenyewe.