Mkasi Juu ya Chang La
Naipenda 3 Idiots (2009), lakini mwisho wake hunikera. Marafiki wametoka mbali kwa gari wakimtafuta Rancho hadi Ladakh. Wanafika shuleni, wanatembea kidogo, na eti hao, wako ufuoni mwa Ziwa Pangong.

Zi! Shule hiyo, Druk Padma Karpo, iko Shey, bonde la mto Indus, karibu na monasteri ya Thiksey. Kufika ziwani ni saa kadhaa garini, tena kwa kawaida unavuka Chang La, zaidi ya mita 5,300, juu kuliko kilele cha Mlima Kenya. Huko pumzi yenyewe ni kazi. Mwelekezi Rajkumar Hirani amepitisha mkasi hapo, yaani filamu ya safari imeruka safari.

Na watazamaji wakaiga. Picha kwenye ukuta ambapo Chatur anapigwa umeme akikojoa, picha ziwani na skuta ya njano, basi, twende. Mwaka 2018 shule ikaamua kuuhamisha ukuta huo, maana wageni walikuwa wanawavuruga wanafunzi. Shule ya Rancho, ati, ambayo kwenye hadithi inasifiwa kwa kuwaacha watoto wajifunze.