Vidole Kabla ya Sindano

Fundi wa sindano za Kichina huanza na mkono wa mgonjwa. Huulaza juu ya kimto kidogo, akaweka vidole vitatu kwenye mshipa unaodunda, cha shahada, cha kati na cha pete, kisha akanyamaza. Akimaliza mkono wa kulia huja wa kushoto. Ataomba kuona ulimi, atauliza habari za usingizi, choo, hamu ya kula, hata ndoto. Aliyekuja kwa sababu moyo humwenda mbio kila anapojilaza huanza kushangaa: muda wote huu ameshikwa na kusikilizwa, na bado hajachomwa. Katika zahanati zetu, foleni ikiwa imefika mlangoni, nani ana nafasi ya kushika mkono wa mtu namna hiyo?

Ninausifu ufundi huu nikiwa chuoni Mzumbe, mkoani Morogoro, ambako msongo wa mawazo una misimu yake. Mitihani ya mwisho wa muhula ikikaribia, taa za hosteli hazizimwi. Huyu anaogopa sapu, yaani kurudia mtihani, yule anaogopa kudisko, yaani kufukuzwa masomo, mwingine bumu, fedha yake ya mkopo, halijaingia na nyumbani wameshaanza kuligawa. Pale Sangasanga malori ya mboga yanashuka kutoka Mgeta, na mkulima wa Kiluguru anayejua kuwa kabichi haisubiri bei ipande naye halali. Sindano hailipi ada wala haipandishi bei ya kabichi. Kazi yake ni kumtuliza mwenye mzigo, mzigo ukiwa palepale.

Kwa wasiwasi, nukta za kuchomwa zinazotafutwa mara nyingi ni chache. Yintang iko katikati ya nyusi. Shenmen iko kwenye mkunjo wa kiganja na mkono, upande wa kidole cha mwisho. Neiguan iko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo huo, baina ya kano mbili zinazojitokeza mtu akikunja ngumi. Na vidole hivyo vya kupimia ni vya mgonjwa, si vya fundi. Binti mwembamba ana kipimo chake, mbeba magunia ana chake. Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu: rula yake hutoka kwenye mwili uleule unaotibiwa.

Sindano yenyewe ni uzi wa chuma, nyembamba mno kuliko ile ya hospitali, kwa kuwa haipitishi dawa. Huingia kwa pigo dogo la kidole, kisha fundi huizungusha taratibu mpaka mgonjwa aseme anasikia uzito, au ganzi inayotambaa. Wakati huohuo fundi naye husikia nyama imeikamata sindano. Wakongwe wa China waliufananisha mkamato huo na samaki anayedonoa ndoano. Baada ya hapo mgonjwa huachwa alale, dakika ishirini au thelathini, simu ikiwa mbali. Wengi husinzia.

Ustadi huo wa mikono haupatikani kwa haraka. Mwaka 1027, tabibu wa ikulu ya China, Wang Weiyi, alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba za mwili wa mtu, zenye tundu kwenye kila nukta. Masimulizi yanasema zilipakwa nta na kujazwa maji. Mwanafunzi akichoma na maji yakatoka, amefaulu. Yasipotoka, akasome tena. Sapu ya namna hiyo haina rufaa.

Na mkoa wa Morogoro haukuanza jana kuwaona Wachina. Timu ya kwanza ya madaktari wao, kutoka jimbo la Jiangsu, ilifika Zanzibar mwaka 1964. Ya Bara, kutoka Shandong, ikafuata mwaka 1968. Kisha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na wajenzi walikuja na matabibu wao. Wala kwetu ngozi haikuwa ngeni kwa tiba: kuumika kwa pembe kulikuwapo, na chale pia.

Ushahidi je? Majaribio ya kitabibu kuhusu wasiwasi yapo, mengi yakiwa madogo, na mengi huonyesha nafuu. Lakini hata waliochomwa sindano bandia, mahali pasipo na nukta, mara nyingi hupata nafuu pia. Wako wanaosema basi yote ni danganya toto. Mimi naona kinyume: kushikwa, kuulizwa na kulazwa kimya ni sehemu ya ufundi, na hivyo havikuwa bandia kwa yeyote. Hata hivyo, anayefikiria kujidhuru apelekwe hospitali mara moja, na anayetumia vidonge asiviache kwa sababu ya sindano. Sindano iwe mpya, ya kutumika mara moja, na mchomaji awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ya begani ikizamishwa ovyo huweza kutoboa pafu.

Uganda wametangulia. Mradi ulioanzishwa na Richard Mandell kutoka Marekani uliwafundisha wahudumu wa afya wa hukohuko, hata wa vituo vidogo, wachome wenyewe bila kumsubiri mgeni. Njia hiyo ingetufaa. Nesi anayeweza kuupata mshipa wa mtoto mchanga anayelia, taa ikiwa hafifu na mama akimtazama, tayari anao wepesi wa vidole ambao ufundi huu unaudai. Kilichobaki ni kumfundisha nukta, na kumpunguzia foleni.